Huyu wa Nyuma Ni Nani? Picha za Kale za Familia na Majina Yaliyopotea

Leo hatuna pishi wala mshono. Leo tumekuja na picha.

Hivi karibuni tulivuka kwenda Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, sisi ndugu watatu. Kila mmoja alikuwa na shughuli yake Kariakoo: huyu vitambaa vya harusi, huyu vyombo, na wa tatu alikwenda tu kwa kuwa wenzake wanakwenda. Lakini mkobani tulikuwa na kitu cha pamoja, kimefungwa kwa kanga kuukuu na kuwekwa katikati ya vipande viwili vya kadibodi. Ni picha ya kale iliyotoka kwenye kasha la bibi yetu. Bibi anakaribia miaka 90, na macho yake yanapungua nuru. Tulitaka picha isafishwe upya, ikuzwe na itiwe fremu, aione vizuri angali yupo.

Picha imebandikwa kwenye kadi ngumu, na rangi yake imegeuka kama chai ya maziwa. Wanawake wawili wamekaa vitini, mikono magotini. Wamevaa suruali za marinda na kanzu za hariri, na vichwa vyao vimefunikwa. Nyuma yao, upande wa kushoto, amesimama mwanamke wa tatu. Kichwa chake ki wazi, mabega yake yako wazi, na nguo ameifunga chini ya makwapa. Upande wake ndio uliofifia zaidi. Chini ya kadi, pale ambapo kwa kawaida huandikwa jina la studio, mtu wa zamani amekata kwa mkasi ili picha iingie kwenye fremu yake.

Tulipofika kwa fundi wa picha, kwenye kichochoro kimoja cha Kariakoo, alipiga skani, akaikuza kwenye kompyuta, akatuuliza, "Hawa kina nani?"

Tukamjibu kwa fahari. Huyu ni bibi yake bibi yetu, na huyu ni dada yake.

"Na huyu wa nyuma?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Fundi, kwa nia njema kabisa, akasema, "Basi huyu tumtoe. Amefifia mno. Hapa nyuma nitaweka pazia, itapendeza."

Tuwe wakweli: mmoja wetu alikwishaanza kuitikia kwa kichwa. Ilibaki kidogo sana. Halafu mwingine akasema, "Subiri kwanza kaka, tukamuulize bibi." Tukalipia skani, tukafunga picha yetu, tukatoka. Lakini swali la fundi tulitoka nalo, na ndilo lililotufanya tusome haya tunayowaletea leo.

Picha hizi zilianzaje

Upigaji picha ulitangazwa rasmi Paris mwaka 1839. Njia ya kwanza iliitwa daguerreotipu, kwa jina la Louis Daguerre aliyeibuni. Picha ilitokea juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na ilikuwa moja tu, hainakiliki. Ndiyo maana zilihifadhiwa kwenye visanduku vidogo vyenye kioo, kama kito. Aliyepigwa ilimbidi atulie bila kutikisika, na ndiyo sababu moja ya wazee wetu na wazee wa watu wengine kuonekana wamekunja uso. Hawakuwa na hasira; walikuwa wametulia.

Mwaka 1854 Mfaransa André Disdéri alisajili njia ya kupiga picha kadhaa kwenye bamba moja na kuzichapa kwenye karatasi. Zilibandikwa kwenye kadi ndogo za kama sentimita 6 kwa 10, zikawa nafuu, na watu wa kawaida wakaziweza. Miaka ya 1860 zikaja kadi kubwa zaidi, za kama sentimita 11 kwa 16, za kuwekwa kabatini wageni wazione.

Waliozipenda hasa ni Wamarekani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861 hadi 1865, viliwatoa wanaume majumbani kwa maelfu, na kila mama, mke na mchumba alitaka kubaki na sura ya mtu wake. Familia zikawa na albamu nene za ngozi zenye vifungo vya chuma. Serikali ya Marekani nayo ikaona pa kuchumia: kuanzia Septemba 1864 hadi Agosti 1866 kila picha iliyouzwa ilitakiwa kubandikwa stempu ya kodi nyuma yake. Leo mtu akikuta picha ya bibi yake ina stempu hiyo, anajua mara moja kwamba ilipita studio katika miaka ile miwili. Yule fundi wa zamani hakujua kwamba anawasaidia vitukuu.

Ila kwenye albamu hizo za Kimarekani kuna kitu kilichotugusa. Zipo picha za watoto wa kizungu waliopakatwa na mwanamke mweusi. Mtoto mchanga hatulii, lazima awepo wa kumshika. Yaya yumo ndani ya picha kwa kazi hiyo. Mtoto ana jina lake kamili na mwaka wake wa kuzaliwa. Yaya, mara nyingi, hana jina lolote. Na ukumbuke kwamba kabla ya 1865, katika majimbo ya kusini, yaya huyo alikuwa mtumwa wa wazazi wa mtoto.

Tuliposoma hayo, yule wetu wa nyuma akatujia tena.

Kamera inafika kwetu

Visiwa vyetu havikuchelewa. Nahodha Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, na msafara wake ulipiga daguerreotipu za watu na miji, Unguja ikiwemo. Kamera ilikuwa na umri wa chini ya miaka kumi tangu itangazwe duniani. Baadaye Wagoa wakafungua studio Mji Mkongwe: A. C. Gomes, kisha J. B. Coutinho na wengine. Masultani, wafanyabiashara na mabalozi walipita mbele ya kamera zao.

Lakini studio hizo zilikuwa na biashara mbili. Ya kwanza ni ya mteja anayelipa: anaingia, anapigwa, anachukua picha yake, na jina lake lipo kwenye daftari la studio na kwenye kumbukumbu ya nyumba yake. Ya pili ni postikadi. Hapa anayelipa si aliyepigwa, ni msafiri wa meli anayetaka cha kupeleka kwao. Wanawake wa pwani walipigwa kwa ajili ya soko hilo, na chini yake pakaandikwa maneno kama "mwanamke wa Kiswahili" au "wanawake wa Zanzibar," basi. Hana jina, hana wa kwao. Anauzwa kama mfano wa aina, mithili ya kipepeo aliyechomwa pini.

Bara ilikuwa hivyo hivyo. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na kazi yake ya picha Dar es Salaam hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliacha mamia ya picha ambazo sasa ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Ukizipitia utaona mitaa ya Posta ya wakati ule, gati, Wajerumani na nyumba zao. Utaona pia watu wetu, na mara nyingi maelezo yanataja kabila au kazi, hayataji mtu. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago kina mkusanyo wa Humphrey Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960. Unaweza kuziangalia kwa intaneti ukiwa umekaa kwako. Inawezekana mmoja wa wazee wako yumo humo, anasubiri mtu wa kusema, "Huyu ni wetu."

Bibi Salme na mama yake

Mwanamke wa Unguja wa karne ya 19 ambaye picha yake tunaijua sote ni Sayyida Salme binti Said. Alizaliwa 1844, binti wa Sayyid Said. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri kwa sababu ya mapenzi yake na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Alibatizwa Aden 1867, akaolewa, akaitwa Emily Ruete, akaishi Hamburg. Hatukuja leo kumhukumu. Hukumu ina mwenyewe. Tumekuja kuitazama picha.

Ile maarufu ilipigwa Hamburg, kwenye studio ya H. F. Plate, karibu mwaka 1868. Amevaa mavazi ya kwao na mapambo yake. Fikirini: mwanamke wa miaka ishirini na kitu, kwenye mji wa baridi, anavaa upya nguo alizokimbia nazo ili apigwe picha ya nchi ambayo hawezi kurudi. Akazaa watoto watatu, Antonie, Rudolph na Rosalie, na kila mmoja akampa pia jina la kwao: Thawka, Said, Ghuza. Agosti 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu. Oktoba ya mwaka huo huo akafariki kaka yake Sayyid Majid, aliyeanzisha mji wa Dar es Salaam. Ndani ya miezi mitatu Salme akapoteza mume huko alikokwenda na kaka huku alikotoka.

Sisi tulioshuka gatini Posta tulikuwa tunakanyaga mji wa kaka huyo. Nyumba ya Atiman, ile ya wamisionari iliyoko Sokoine Drive, ni miongoni mwa majengo ya mwanzo ya mji huo wa Majid.

Kwa nini tunamjua Salme kwa undani hivi? Kwa sababu alijua kuandika, na tena alijifunza kwa kujificha, kwani wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Baadaye mwanawe Rudolph alihakikisha vitabu na karatasi vinahifadhiwa Leiden, Uholanzi. Na humo ndani ya kumbukumbu zake Salme aliandika jina la mama yake: Jilfidan, Mcherkesi, aliyetekwa akiwa mtoto, akafanywa suria wa Sayyid Said, akafariki kwa kipindupindu mwaka 1859. Sisi hatujapata kuiona sura ya Jilfidan. Lakini tunamjua, tunajua alikotoka, tunaweza hata kumwombea. Binti yake aliliandika jina.

Basi pimeni wenyewe. Jilfidan ana jina lakini hana picha. Yule wetu wa nyuma ana picha lakini hana jina. Ni yupi aliyepotea zaidi?

Na lazima tuseme jambo jingine, kwa haki. Salme, ingawa mama yake alitekwa, aliwatetea mabwana wa kwao. Aliwaambia Wazungu wasiulinganishe utumwa wa Waarabu na ule wa Marekani. Maneno hayo hata sisi tumeyasikia majumbani mwetu: "Kwetu walikuwa kama watoto wa nyumbani." Huenda walikuwapo waliotendewa wema. Lakini mtoto wa nyumbani huwa na jina la baba.

Nguo inasema

Turudi kwenye picha yetu. Tulipotulia tukagundua kwamba nguo zilikuwa zikituambia jibu tangu mwanzo, ila hatukuwa tukisoma.

Katika karne ya 19 huku pwani, nguo ilitangaza hadhi ya mtu. Waungwana walivaa hariri na marinda, wakajifunika. Watumwa walivaa merikani, ile pamba nyeupe nzito, au kaniki, ambayo ni pamba kama hiyo iliyotiwa rangi ya nili ikawa nyeusi. Wanawake waliifunga chini ya makwapa, na kufunika kichwa hakukuwa haki yao. Kujisitiri, ambako sisi leo tunakuona ni amri ya kila mwanamke wa Kiislamu, kulikuwa ni fahari ya waliokuwa nacho.

Na merikani ilitoka wapi? Jina linasema. Marekani ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na 1837 akaja balozi wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya kaskazini mwa Marekani na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Pamba ya viwanda hivyo ililimwa kusini, na watumwa. Kwa hiyo nguo ilichumwa na mwanamke mtumwa wa Kimarekani, ikavuka bahari, ikavikwa mwanamke mtumwa wa Unguja. Na wote wawili wamesimama nyuma kwenye picha za familia za watu wengine.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini sheria hiyo iliwaacha masuria nje. Wao walisubiri hadi 1909. Tanganyika ikasubiri hadi 1922. Uhuru ulipokuja, mojawapo ya mambo ya kwanza waliyofanya wanawake ni kubadilisha nguo. Waliitupa kaniki wakanunua kanga za rangi, na wakaanza kujitanda kichwani kama wengine. Nasi leo tukibishana dukani Kariakoo kuhusu jina la kanga, tukumbuke kwamba kuna bibi aliyeinunua ya kwanza kama cheti chake cha uhuru.

Tulichokiona Posta tukirudi

Siku ile, tukiwa bado hatujayasoma haya, tulirudi gatini kwa miguu: Kariakoo, Mnazi Mmoja, hadi Sanamu ya Askari pale Samora. Tumeipita sanamu hiyo mara nyingi tukikimbilia boti. Siku hiyo tulikuwa na muda, tukasimama.

Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Maneno ya ukumbusho yalitungwa na Rudyard Kipling, na yameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Ni maneno mazuri yenye heshima. Lakini jina la mtu hakuna hata moja. Na Kariakoo tulikotoka, jina lake ni Kikosi cha Wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, likatamkwa na midomo yetu. Mtaa mzima, soko zima, vimeitwa kwa ajili ya watu waliobeba mizigo ya jeshi na kufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, na sisi tunalitaja jina hilo kila siku bila kumtaja mmoja wao.

Kabla yake Wajerumani walikuwa na sanamu yao mjini hapo: Hermann von Wissmann juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Wa juu ana jina, wa chini hana. Baada ya vita sanamu hiyo ilipelekwa Hamburg, mji ule ule wa Salme, na miaka ya 1960 wanafunzi wakaiangusha. Unaona kwamba ni picha ile ile moja, imerudiwa kwa shaba.

Waliojiandikia wenyewe

Isije ikadhaniwa kwamba walionyimwa jina walikubali tu. Huko Marekani alikuwapo Sojourner Truth, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la New York kwa jina la Isabella. Mwaka 1843 alijichagulia jina jipya. Katika miaka ya 1860 alipiga picha studio, amekaa na ushungi wake na ufumaji mkononi, akaziuza mwenyewe kuendesha maisha na safari zake za kupinga utumwa. Mwaka 1864 akasajili haki ya picha hizo kwa jina lake mwenyewe, si la mpiga picha. Mwanamke aliyewahi kuuzwa sasa anauza kivuli chake, na bei anapanga yeye.

Na kwetu yupo Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, na jina alilopewa lilikuwa ni Mtumwa. Mama mzima, anaitwa Mtumwa! Aliuza vyungu akiimba, akaja mjini, akawa Siti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Tazameni picha zake: amekaa mbele, amejitanda, anakutazama. Hakuna atakayeuliza, "Huyu nani?"

Bibi alitujibu nini

Tuliporudi Unguja tukamwendea bibi baada ya Alasiri. Tukampa picha na kioo cha kukuzia. Akawataja wawili waliokaa, pamoja na baba zao na babu zao, bila kukwama.

"Na huyu wa nyuma, bibi?"

"Huyo wa nyumbani tu," akasema, akaiweka picha pembeni.

Tukanyamaza. Tukamimina chai. Baada ya muda akaichukua tena mwenyewe, akaisogeza dirishani.

"Mimi nilimkuta mzee. Alikuwa akinibeba mgongoni kwenda chuoni. Alipokufa nililia kuliko nilivyomlilia bibi yangu."

Kisha akalitaja jina. Jina moja. Ni lile la aina waliyopewa watumwa, jina la heri na neema, kama mtu anayeita bahati nyumbani kwake. Tukamuuliza jina la baba yake.

"Hakuwa nalo. Aliletwa mdogo mno. Alikuwa akisema anakumbuka mto."

Hapo hakuna aliyeweza kusema kitu. Wenzangu mnajua kwamba Mwenyezi Mungu ametufundisha, katika Sura ya Al-Ahzab, tuwaite watu kwa baba zao, na ambao baba zao hawajulikani, basi hao ni ndugu zetu katika dini. Tumeisoma aya hiyo tangu chuoni. Siku ile ndipo ilipotufikia. Ndugu yetu alikuwa ukutani mwetu kwa zaidi ya miaka 100 na sisi tulikuwa tayari kumwekea pazia.

Jina lake tumeliandika nyuma ya picha, kwa penseli, sawasawa na majina ya wale wawili, kwa ukubwa ule ule. Hapa barazani hatulitaji, wala picha hatuiweki. Wapo waliotuomba. Lakini yeye alipigwa akiwa kichwa wazi kwa sababu hakuruhusiwa kujifunika, na sisi hatutamwanika kwa mara ya pili mbele ya watu asiowajua. Nakala ya ukutani iko chumbani kwa bibi, wanapoingia wa nyumbani. Fundi wa Kariakoo tulimpigia simu tukamwambia amwache pale pale, na amtengeneze yeye kwanza. Alifanya kazi ya siku mbili kwenye uso ule. Mungu amlipe.

Kwako wewe mwenye kasha

Dada, kama nyumbani kwenu kuna picha za namna hii, fanya mambo machache kabla ya mwezi kwisha.

Mkalie mzee angali na kumbukumbu. Usimuulize mbele ya wageni, na akijibu "huyo wa nyumbani tu," usiondoke. Mimina chai, subiri.

Andika majina ya wote waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kumruka aliye nyuma. Tumia penseli laini nyuma ya picha, usibonyeze. Wino wa kalamu hupenya na kuharibu.

Usiibandike kwa gundi wala selotepu, na usiipige lamineti, kwani plastiki ile ikishika haitoki tena. Usiikate ili iingie kwenye fremu. Tafuta fremu ya kuitosha. Sisi tumelipoteza jina la studio yetu kwa mkasi mmoja.

Iweke pakavu, mbali na jua na ukuta wenye unyevu. Chumvi ya bahari yetu inakula kila kitu. Ukienda kuisafisha upya, piga skani ukiwepo, na urudi na ya asili mkononi. Na ukiambiwa kwamba fulani amefifia, tumtoe, uliza kwanza ni nani.

Bibi ameiona picha yake. Aliishika karibu na uso, akapitisha kidole juu ya wale wawili, halafu akakituliza upande wa kushoto, kwa muda mrefu. "Ndiye," akasema. Tukamsomea Fatiha, kwa jina lake.